Riale Mbili kwa Kila Kichwa

Mazungumzo kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia



Mmeniomba nizungumze juu ya wajibu wa kiongozi mbele ya biashara ya binadamu. Nimeona vema nisianze na vifungu vya sheria. Nitaanza na maisha ya watu wawili walioishi katika karne ya 18. Wote wawili walizaliwa katika nyumba za wakubwa, wote wawili walishika madaraka, na hawakuonana kamwe. Mmoja ni Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa, mji ulio kaskazini yetu katika mwambao huu huu. Wa pili ni Henry Dundas, mwana wa jaji mkuu wa Uskoti, aliyepata kuwa waziri wa Mfalme wa Uingereza. Kazi ya wote wawili ilikuwa ya wino na muhuri, wala haikuwa ya mjeledi. Hata hivyo, wino wao uliamua maisha ya watu wengi kuliko mjeledi wa mnyapara yeyote.

1. Ndugu wawili kisimani

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 37, wana wa Yakobo wanamtupa ndugu yao Yosefu katika kisima kikavu huko Dothani. Tumezoea kuwatia wote katika kapu moja la wivu. Lakini tukisoma kwa makini tunaona kwamba miongoni mwao wamo wawili wenye mashauri tofauti.

Wa kwanza ni Yuda. Yeye hataki damu ya ndugu yake. Anauliza tu, tukimwua tutapata faida gani? Basi Yosefu anauzwa kwa wasafiri kwa vipande 20 vya fedha. Wa pili ni Reubeni, mzaliwa wa kwanza, ambaye sauti yake ilikuwa na uzito kuliko za wengine. Reubeni anataka kumwokoa Yosefu, lakini hathubutu kusema waziwazi kwamba kijana aachiliwe. Anashauri atupwe kwanza kisimani, na moyoni anakusudia kurudi baadaye amtoe. Anaporudi anakuta kisima kitupu. Anararua mavazi yake, lakini msafara umekwisha kwenda.

Yuda alipanga bei. Reubeni alipanga baadaye. Kwa Yosefu mwisho wa mashauri yote mawili ulikuwa mmoja, nao ulikuwa utumwa wa Misri. Naomba mwashike ndugu hawa wawili akilini, maana tutakutana nao tena.

2. Sultani na mkataba wa mwaka 1776

Kilwa Kisiwani ulikuwa mji wa fahari. Msafiri Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331 na kuusifu. Wareno waliuteka mwaka 1505, na tangu hapo haukurudia utukufu wake. Kufikia karne ya 18 watawala wa Omani walikuwa wakidai kwamba mji huo ni wao, na Sultani Hasan alikalia kiti kilichotikisika.

Katika hali hiyo alifika Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, aliyewahi kuwa tabibu wa melini na sasa alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Soko lake lilikuwa visiwa vya Île de France na Bourbon, ambavyo leo vinaitwa Morisi na Réunion. Huko Wafaransa walikuwa na mashamba makubwa, na kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa.

Mwaka 1776 Sultani Hasan, mwana wa Ibrahim, mwana wa Yusuf, wa nasaba ya Washirazi wa Kilwa, alifunga mkataba na Morice. Masharti yake yamehifadhiwa hadi leo, na yafaa kila kiongozi ayafahamu. Sultani aliahidi kumpatia Morice watumwa 1,000 kila mwaka. Bei ya kila mmoja ilikuwa piasta 20, yaani zile sarafu za fedha ambazo watu wa pwani waliziita riale. Juu ya bei hiyo, Morice angempa Sultani zawadi ya riale 2 kwa kila mtumwa. Mnunuzi mwingine, awe Mfaransa, Mholanzi au Mreno, asingeruhusiwa kununua mpaka Morice atosheke. Morice alipewa ngome, aweke humo mizinga na bendera yake. Adui wa mmoja angekuwa adui wa wote wawili. Na muda wa mkataba ulikuwa miaka 100.

Tufanye hesabu, kama tunavyofanya hesabu ya korosho ghalani. Watu 1,000 mara miaka 100 ni watu 100,000. Walio wengi kati yao walikuwa hawajazaliwa siku ule muhuri ulipopigwa. Sultani aliahidi kuuza wajukuu wa watu ambao walikuwa hata hawajaoa. Zawadi yake yeye mwenyewe ilikuwa riale 2,000 kwa mwaka. Na bei ya mtu ilikuwa 20, sawa na idadi ya vipande vilivyotolewa Dothani.

Je, watu hao wangetoka wapi? Wasingetoka katika jumba la Sultani. Wangetoka bara, nyuma ya mwambao wetu: kwa Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo, hadi kando ya Ziwa Nyasa. Wala wa bara hawakuwa wote wenye kuonewa, kwa maana walikuwako machifu na wenye misafara waliouza majirani zao ili wapate nguo na baruti. Bandari ndogo za kusini, Mikindani ikiwa mojawapo, nazo ziliingia katika biashara hiyo.

Tusimhukumu Sultani juu juu. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Alitaka mizinga ya Mfaransa imlinde dhidi ya Omani. Lakini alinunua usalama wake kwa watu wasiokuwa wake, na usalama wenyewe hakuupata. Mpango wa Wafaransa kujenga makao yao Kilwa haukutimizwa. Mnamo mwaka 1785 Waomani waliutwaa mji na kuweka liwali wao. Usultani ukabaki jina, na katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho wa Kilwa aliondolewa na kupelekwa Omani. Ngome ilikwenda, riale zilikwenda, na waliouzwa hawakurudi.

Hapa yanipasa kutoa angalizo. Sisemi habari hizi ili tuwanyoshee kidole jirani zetu Waislamu, ambao tunazika nao na kuozeshana nao. Katika mkataba ule muuzaji alikuwa Mwislamu, na mnunuzi alitoka katika taifa Katoliki. Dhambi hii haina dini moja. Hata katika vile visiwa vya Wafaransa, mapadre walikuwa na watumwa. Papa Gregori XVI alipoilaani biashara ya watumwa kwa barua yake ya mwaka 1839, alikuwa akiwaonya Wakristo. Naye Papa Yohane Paulo II, aliposimama katika kisiwa cha Gorée nchini Senegali mwezi Februari 1992, aliomba msamaha kwa ajili ya watu waliobatizwa ambao hawakuishi imani yao. Basi mtu asitoke hapa na neno la kumtukana mwenziwe, wala asimwite mtu kizazi cha watumwa. Anayestahili aibu ni aliyeuza na aliyenunua.

3. Bwana mkubwa na neno lake moja

Tuvuke bahari. Mwaka ule ule wa 1776, Henry Dundas alikuwa mwanasheria mkuu wa serikali huko Uskoti. Alizaliwa Edinburgh mwaka 1742, katika ukoo wa wenye mashamba na majaji. Alikuwa na kipaji cha maneno, na mwanzo wake ulikuwa mzuri. Alikuwako Mwafrika aitwaye Joseph Knight, aliyeuzwa Jamaika akiwa mtoto, kisha akaletwa Uskoti na bwana wake. Knight alikwenda mahakamani kudai uhuru, na Dundas alikuwa mmoja wa mawakili waliomtetea. Mwaka 1778 mahakama kuu ya Uskoti iliamua kwamba sheria ya nchi ile haiutambui utumwa. Knight akawa huru.

Miaka 14 ikapita. Mwaka 1792 Dundas alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza. Wakati huo watu wa kawaida wa nchi ile, wengi wao Wakristo wa makanisa madogo, walikuwa wamepeleka bungeni mamia ya maombi ya maandishi wakitaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Familia nyingi zilikataa kula sukari ya mashamba ya watumwa, na akina mama ndio waliolisimamia jambo hilo majumbani mwao. Mbunge William Wilberforce aliwasilisha hoja kwamba biashara ikome.

Dundas akasimama. Hakuitetea biashara, alikubali kwamba ni mbaya. Ila alipendekeza kwamba ikomeshwe polepole, na neno hilo likatiwa katika hoja. Wabunge wakafurahi, kwa maana walipata njia ya kuwa wema bila kupoteza kitu. Hoja ikapita kwa kura 230 dhidi ya 85. Ikakubaliwa kwamba mwisho uwe mwaka 1796. Lakini Baraza la Malodi likaliahirisha jambo hilo, vita na Ufaransa vikaanza, na mwaka 1796 ukapita kama miaka mingine. Katika vita hivyo Dundas, sasa akiwa waziri wa vita, alipeleka majeshi katika kisiwa ambacho sehemu yake leo ni Haiti, ili kukiteka na kuudumisha utumwa ambao watumwa wenyewe walikuwa wameuvunja kwa damu yao.

Biashara ilikatazwa na sheria ya Uingereza mwaka 1807, wakati waziri mkuu alikuwa Lord Grenville, naye mtu wa ukoo mkubwa, aliyeipigania sheria hiyo katika lile Baraza la Malodi. Kati ya 1792 na 1807 ni miaka 15, na katika miaka hiyo meli za Kiingereza zilibeba mamia ya maelfu ya Waafrika. Dundas alikwisha kupewa cheo cha ulodi mwaka 1802. Mwaka 1806 alishtakiwa mbele ya malodi wenzake juu ya fedha za jeshi la majini, akaachiliwa. Alikufa mwaka 1811, na sanamu yake imesimama juu ya mnara mrefu mjini Edinburgh. Wanahistoria wangali wakibishana. Wako wanaosema kwamba bila neno lile hoja yote ingeanguka. Wako wanaosema alilitia kwa makusudi ili kulinda faida ya wenye mashamba. Mimi siwezi kuusoma moyo wake, kama nisivyoweza kuusoma wa Reubeni. Ninachojua ni kwamba kisima kilikuwa na watu ndani, na aliyekuwa na sauti alisema, baadaye.

Sisi Waswahili tuna methali isemayo kwamba haraka haraka haina baraka. Ni kweli kwa mwenye kujenga nyumba au kuchagua mchumba. Lakini wazee hao hao walituachia nyingine: ngoja ngoja huumiza matumbo. Hekima ni kujua lini useme ipi. Anayesema polepole aulizwe kwanza: ni nani anayelipa gharama ya muda huo, wewe au yule aliye kisimani?

4. Neno polepole lafika mdomo wa Ruvuma

Msidhani kwamba hayo yalikuwa mambo ya London tu. Sheria ya 1807 ilihusu Waingereza na meli zao. Mwambao wetu ulifikiwa kidogo kidogo. Mwaka 1822 Kapteni Moresby alifunga mkataba na Seyyid Said kwamba raia wake wasiwauzie Wakristo watumwa. Ulichorwa mstari baharini kutoka Rasi Delgado, kusini kidogo ya mahali ambapo mto wetu Ruvuma unaingia baharini, hadi Diu katika Bara Hindi. Jahazi la watumwa likikutwa nje ya mstari huo lilikamatwa. Ndani ya mstari biashara iliendelea. Mkataba wa 1845 ulikataza kuwapeleka watumwa Arabuni. Kutoka Kilwa hadi Unguja waliendelea kusafirishwa. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alikubali kuikomesha biashara yote ya baharini, na soko la Unguja likafungwa. Misafara ikaanza kupita nchi kavu, hata mwaka 1876 alipoipiga marufuku nayo. Utumwa wenyewe, katika Tanganyika, ulifutwa kwa sheria mwaka 1922.

Tazameni mwaka 1876. Ni miaka 100 kamili tangu mkataba wa Sultani Hasan. Morice alikuwa amekufa zamani, na mkataba wake ulikwisha vunjika. Hata hivyo ile karne iliyoandikwa ndani yake ilitimia. Katika mwaka huo huo Askofu Steere wa Kanisa la Anglikana alileta kutoka Unguja kundi la watu waliokombolewa, wakajenga kijiji Masasi. Wengi wao walikuwa wakirudi kuelekea kwao, bara, kwa njia ambayo ndugu zao walikuwa wameteremshwa wakiwa wamefungwa.

5. Kisima cha leo

Ndugu zangu, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa sasa, kifungu cha 27, unautaja utumwa pamoja na biashara ya wanawake na vijana kati ya mambo yanayomvunjia Muumba heshima. Ni hati ya mwaka 1965, miaka mingi baada ya minyororo kuisha. Mababa wa Mtaguso walijua kwamba mnyororo una sura nyingi.

Mnaijua sura yake kwetu. Anakuja mtu kijijini, amevaa vizuri, pengine ni ndugu wa mbali. Anasema kuna kazi za ndani Dar es Salaam, au hata Arabuni. Mtoto atalipwa, atasomeshwa ushonaji. Mzazi ana deni la pembejeo, na korosho mwaka huu hazikuzaa. Binti ana miaka 13, lakini watu wanasema ameshachezwa unyago, ni mtu mzima. Inaandikwa barua ya utambulisho, inapigwa muhuri. Alfajiri binti anapanda basi. Dalali amelipwa na mwenye nyumba kwa kila binti anayempeleka, na aliyetia sahihi amepewa kitu kidogo cha soda. Zile ndizo riale mbili kwa kila kichwa.

Aidha, tangu mwezi Oktoba 2017 machafuko ya Cabo Delgado yamewang'oa watu wengi makwao, na wako waliovuka Ruvuma kuja upande wetu. Mtu aliyekimbia hana mjomba hapa, hana shamba, hana wa kumuulizia akipotea. Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye dalali humtafuta.

Sheria ya nchi yetu iko wazi. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamwadhibu anayemtafuta, anayemsafirisha na anayempokea mtu kwa ajili ya kumnyonya. Na kama ni mtoto, kusema kwamba mwenyewe alikubali si utetezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Tunachokosa ni watu wa kusimama pale ambapo muhuri unapigwa.

6. Yatupasa nini?

Kwanza, kila kiongozi Mkristo mwenye muhuri, awe mwenyekiti wa kijiji, mtendaji au mwalimu mkuu, ajue kwamba sahihi yake ni tendo la dhamiri. Asitie sahihi barua ya mtoto anayekwenda kazini. Asipokee chochote kwa barua hiyo, hata kiitwe nauli.

Pili, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwe na orodha ya watoto wake, na ijue kila aliyeondoka: amekwenda kwa nani, kwa namba gani ya simu, na mara ya mwisho alisikika lini. Sultani aliweza kuuza kwa idadi kwa sababu hakuwajua kwa majina. Sisi tunawajua, tuliwabatiza.

Tatu, kesi ya mtoto isisubiri. Nimesikia mara nyingi katika vikao vyetu kwamba tutalitazama baada ya msimu, tusiwaaibishe wenye familia, tuzungumze kwanza kindugu. Kuzungumza kindugu ni jambo jema, lakini mtoto akiwa njiani, simu ipigwe siku hiyo hiyo kwa ofisa wa ustawi wa jamii na kwa dawati la jinsia na watoto la polisi. Basi likishafika Dar es Salaam, tutararua mavazi yetu bure.

Nne, tuondoe sababu. Mzazi anayemtoa binti kwa ajili ya deni anahitaji msaada kabla ya kuhitaji lawama. Vikundi vya kuweka na kukopa, mfuko wa WAWATA na sadaka ya Kwaresima viweze kulipa sare na daftari za binti mmoja kabla dalali hajafika.

Tarehe 8 Februari ya kila mwaka Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Sudani aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa zaidi ya mara moja, na akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Siku hiyo imewekwa kuwa ya sala dhidi ya biashara ya binadamu. Naomba parokia zetu zote ziiadhimishe, na katika maombi ya waamini wasomwe kwa majina watoto wa vigango vyetu ambao hatujui waliko.

Mungu alimtoa Yosefu Misri, akaugeuza uovu wa ndugu zake kuwa wokovu wa wengi. Lakini Maandiko hayawapongezi ndugu kwa hilo. Miaka mingi baadaye walikuwa wangali wakiambiana kwamba walimwona Yosefu akiwasihi katika taabu ya nafsi yake, nao hawakumsikiliza. Sisi tusingoje kuambiana hivyo.

 

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani anayeandika barua za utambulisho za watoto wanaosafiri? Je, tumewahi kuzungumza naye?

2. Ni watoto wangapi wa Jumuiya yetu waliokwenda kufanya kazi mbali? Tutajeni majina yao na mara ya mwisho waliposikika.

3. Ni jambo gani la haki ambalo tumekuwa tukiliahirisha kwa kusema polepole? Anayeumia kwa kungoja huko ni nani?

4. Tunaweza kufanya nini pamoja na jirani zetu Waislamu na Wakristo wa madhehebu mengine ili dalali asipate mlango katika kijiji chetu?